KOPO LA SARAFU ZA MAREHEMU: MIRATHI, ZAKA NA HISTORIA YETU



Sifa njema zote zinamstahiki Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na sahaba zake.

Ndugu yangu msomaji, darsa ya leo ni ndefu kidogo. Chukua chai yako, kaa chini, usome taratibu.

Mzazi amefariki. Siku za msiba zimepita, wageni wamerudi makwao, na sasa mnapanga vitu vya marehemu. Chini ya kitanda, au ndani ya kasha la nguo, linatoka kopo la maziwa ya unga. Ukilitikisa linalia. Ukilifungua unakuta sarafu: nyingine nyeusi, nyingine za kijani, nyingine zina tundu katikati, nyingine zina maandishi ya Kiarabu, nyingine zina kichwa cha mzungu mwenye ndevu. Mmoja anasema, "Hizi za nini tena? Haziendi dukani." Mwingine anasema, "Mpelekeeni yule wa vyuma chakavu." Na wa tatu, mjanja wao, ananyamaza kimya, kisha usiku anatia kopo kwenye mkoba wake.

Wote watatu wamekosea. Lile kopo lina haki za watu ndani yake, huenda lina zaka ya Allah ndani yake, na lina historia ya pwani yetu ambayo haijaandikwa mahali pengine. Leo tujifunze namna ya kulianza.

1. ANZA NA HAKI KABLA YA BEI

Tangu roho ya marehemu ilipotoka, zile sarafu si zake tena, na wala si zako wewe uliyezikuta. Ni sehemu ya tarika, yaani mali iliyoachwa. Na tarika ina mpangilio unaojulikana: kwanza gharama za mazishi, kisha madeni ya marehemu, kisha wasia wake usiozidi theluthi moja kwa asiyekuwa mrithi, kisha ndio warithi wagawane kama Allah alivyopanga katika Surat An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12.

Watu wengi wanagawa nyumba na shamba kwa sheria, halafu vitu vidogo wanavigawa kwa kuchukuliana. Saa ya baba kachukua fulani, kanzu kachukua fulani, sarafu kachukua aliyewahi. Ndugu yangu, sheria ya mirathi haina kipimo cha udogo. Mwanamke ametajiwa fungu lake katika kingi na katika kichache.

Tuchukue mfano. Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Sarafu zimethaminiwa na mjuzi kwa shilingi 4,000,000. Mjane ana thumuni, yaani 500,000. Zinabaki 3,500,000, zinagawanywa mafungu matano: kila mtoto wa kiume mafungu mawili, ambayo ni 1,400,000, na binti fungu moja, 700,000. Sasa kaka mkubwa akizipeleka kwa wa vyuma chakavu kwa shilingi 20,000, kisha akamletea dada yake 3,500, anadhani ametenda haki. Kumbe hesabu ni sahihi na haki imepotea, kwa sababu kilichogawanywa sicho kilichoachwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni orodha. Kaeni warithi, au wawakilishi wao, mbele ya mashahidi wawili waadilifu. Mwageni kopo juu ya kitambaa safi. Hesabuni. Andikeni. Pigeni picha, upande huu na upande ule, na kando yake muweke rula. Kila mrithi apate nakala. Baada ya hapo kopo likae kwa mmoja mnayemwamini, na ajue kwamba alichoshika ni amana.

Mkipenda mkusanyo usivunjike, hilo linawezekana kisheria: anayeutaka anawalipa wenzake mafungu yao kwa thamani ya kweli, kwa ridhaa yao, nao wamejua wanachokiacha. Kinachoharibu ni ridhaa ya mtu asiyejua.

2. SARAFU NI SHAHIDI, NA FIQHI YETU IMEUSIKILIZA USHAHIDI WAKE

Wapo wanaosema kukaa na sarafu za zamani ni mchezo wa wasio na kazi. Hebu sikiliza.

Zama za Mtume (s.a.w) Waarabu walitumia dinari za Warumi na dirhamu za Wafursi, zenye picha za wafalme wao. Masahaba waliendelea kuzitumia. Kisha katika mwaka wa 77 Hijria, sawa na 696 au 697 Miladia, khalifa Abd al-Malik bin Marwan alitoa dinari ya Kiislamu isiyo na picha: maandishi matupu ya tauhidi, na mwaka umeandikwa. Uzito wake ulikuwa gramu 4.25 hivi.

Sasa wewe unapoambiwa nisabu ya dhahabu ni gramu 85, umewahi kujiuliza gramu zimetoka wapi? Hadithi hazikutaja gramu. Nisabu ni dinari 20, na dinari 20 mara 4.25 ni 85. Na 4.25 imejulikanaje? Kwa kupima dinari za zamani zilizosalimika. Sheikh Yusuf al-Qaradawi katika kitabu chake cha Fiqh az-Zakat ameitegemea njia hii: dinari zilizohifadhiwa za zama za Abd al-Malik ndizo zilizotoa jibu. Laiti wote waliozirithi wangeziyeyusha wafanye bangili, leo tungekuwa tunabahatisha katika nguzo ya Uislamu.

Mfano wa pili. Mtu akichimba akakuta hazina ardhini, wanazuoni wanauliza: ni rikazi au ni luqata? Rikazi ni hazina iliyozikwa kabla ya Uislamu, na hadithi sahihi imeweka humo khumsi, yaani moja ya tano. Luqata ni mali iliyopotea, inatangazwa atafutwe mwenyewe. Mafaqihi walitofautishaje? Walisema tazama alama zilizo juu yake. Ikiwa sarafu ina jina la mfalme wa Kiislamu au maandishi ya Kiislamu, basi si rikazi. Unaona? Faqihi anaikalisha sarafu kitini kama shahidi, anaisoma, ndipo anahukumu.

Basi anayesugua maandishi ya sarafu mpaka yakafutika amemkata shahidi ulimi.

3. SOMA KOPO LAKO: PWANI YETU TABAKA KWA TABAKA

Sasa tuingie ndani ya kopo. Kwa familia ya pwani au ya bara la Afrika Mashariki, haya ndiyo unayoweza kuyakuta, kuanzia ya kale.

*Sarafu za Kilwa.* Ni ndogo, za shaba, nyepesi, maandishi ya Kiarabu pande zote mbili. Nyingi zina jina la Ali bin al-Hasan. Wafalme wa Kilwa walikuwa na adabu nzuri: upande mmoja jina la mfalme, upande wa pili maneno ya kumtegemea Allah, na pande mbili zinakwenda kwa vina kama shairi. Kwa kawaida hazina mwaka. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultan al-Hasan bin Sulaiman, na sarafu za sultani huyo zipo. Moja imeokotwa mbali sana na bahari, katika magofu ya Great Zimbabwe. Huko Pemba, mwaka 1984, pale Mtambwe Mkuu, ilipatikana hazina ya zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za madini ya fedha, pamoja na dinari za dhahabu za Kifatimi. Kwa hiyo mtu akikuambia biashara na utawala vililetwa pwani hii na mkoloni, mwonyeshe sarafu. Babu zako walipiga fedha zao wenyewe karne nyingi kabla ya meli ya Mreno kuonekana.

Na hapa kuna kisa chenye somo. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi ile. Akazitia koponi. Zikakaa miaka na miaka. Mwaka 1979 akazipeleka zitambuliwe, na tano kati ya hizo zikaonekana ni za Kilwa! Mpaka leo wanahistoria wanajadiliana zilifikaje upande ule wa Bahari ya Hindi. Lakini angalia kilichowafaa zaidi: Isenberg alikuwa na ramani, na juu ya ramani aliweka alama mahali hasa alipoziokota. Bila alama ile, zingekuwa sarafu tano tu za shaba. Alama ile moja ndiyo iliyozifanya kuwa habari.

*Reale.* Hii ni kubwa, nzito, ya madini ya fedha, ina mwanamke mnene aliyejifunika kichwa, na upande wa pili tai mwenye vichwa viwili. Mwaka ulioandikwa ni 1780. Ni Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka huo. Wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na Zanzibar waliizoea na kuiamini, basi ikaendelea kupigwa kwa mwaka uleule wa 1780 miaka mia na zaidi baada ya kifo chake, Vienna, kisha hata Roma, London na Bombay. Kwa hiyo usiharakishe kusema una sarafu ya karne ya 18. Mwaka ulioandikwa juu ya sarafu si lazima uwe mwaka iliyopigwa. Lakini fedha yake ni ya kweli: uzito gramu 28 na nukta, na ndani yake gramu 23.39 za fedha safi.

*Pesa ya Sultan Barghash.* Ni ya shaba, ina mizani upande mmoja, na jina la Sultan Barghash bin Said wa Zanzibar upande wa pili. Mwaka ni 1299 au 1304 Hijria. Namna ya kupata Miladia kwa makadirio ni rahisi: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha jumlisha 622. Jaribu 1299: utapata 1882. Pesa hii ya shaba ipo kwa wingi. Reale ya fedha ya Barghash ya 1299 ndiyo adimu. Vilevile senti za mwaka 1908 za Sultan Ali bin Hamud, zenye picha ya mnazi, si za kupatikana hovyo. Ukizikuta, tulia.

*Rupia.* Rupia ya India yenye kichwa cha Malkia Victoria ilitembea kutoka Bombay mpaka Tabora. Mombasa nako, mwaka 1888, kampuni ya Waingereza iliyopewa utawala wa pwani ilitoa rupia na pesa zake zenye neno Mombasa na picha ya mizani. Wajerumani nao waliwakuta watu wameshazoea rupia na pesa, wakawafuata. Pesa ya kampuni yao ya miaka ya 1890 hadi 1892 ina tai wa Ujerumani upande mmoja, na upande wa pili Kiarabu kitupu: "Sharaka Almaniya". Mkoloni alilazimika kuandika kwa herufi za Qur'ani ili fedha yake ikubalike sokoni! Zingatia hilo, ewe unayeambiwa kwamba babu yako hakujua kusoma. Hajui kusoma nani, na Mjerumani anamwandikia?

Rupia ya kampuni hiyo ina mfalme Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya kijeshi yenye tai, na upande wa pili simba na mti. Kuanzia 1904 serikali yao ikaacha pesa 64 kwa rupia, ikaleta heller 100 kwa rupia.

*Sarafu za Tabora.* Vita Kuu ya Kwanza ilipowazingira Wajerumani, meli za Waingereza zikafunga bahari, na sarafu kutoka Ulaya zikakatika. Mwaka 1916 wakapiga sarafu zao katika karakana ya reli Tabora: heller 5 na heller 20 za shaba na shaba nyeupe, na ile mashuhuri ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo mbele ya mlima. Dhahabu yake ilitoka Sekenke. Zilipigwa 16,198 tu. Kwa sababu ya umaarufu wake, za bandia ni nyingi. Ukiona tembo, usishangilie kabla hajaitazama mjuzi.

*Shilingi na senti tundu.* Baada ya vita, rupia iliondolewa Afrika Mashariki ya Waingereza. Mwaka 1920 ikaja florini, haikudumu, na mwaka 1921 ikaja shilingi yenye simba. Zanzibar iliendelea na rupia yake mpaka ilipoingia kwenye shilingi tarehe 1 Januari 1936. Shilingi za mwanzo, mpaka katikati ya miaka ya 1940, zina robo moja tu ya madini ya fedha. Za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa.

Humo kwenye senti tundu kuna kichekesho. Mfalme Edward wa Nane wa Uingereza alikaa madarakani mwaka 1936 kwa miezi michache, akajiuzulu. Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikuwahi kuingia sokoni. Lakini senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za mwaka 1936 zina jina lake, kwa sababu zilikuwa na tundu katikati na hazikuhitaji picha ya mtu, zikapigwa upesi. Je, ni ghali? Hapana, zilipigwa nyingi mno. Jifunze hapa: mfalme adimu haifanyi sarafu kuwa adimu.

Mwisho, mwaka 1966, Tanzania, Kenya na Uganda kila moja ikatoa sarafu zake. Senti 5 ya samaki, senti 20 ya mbuni, senti 50 ya sungura: hizi za Tanzania zimejaa majumbani, na thamani yake kubwa ni kumbukumbu.

Na kabla hatujaondoka hapa, sikiliza mdomo wako mwenyewe. "Fedha" ni neno la Kiarabu la madini yale meupe. "Pesa" imetoka India. "Hela" ni heller ya Mjerumani. "Shilingi" ni ya Mwingereza. "Thumuni" uliyoiita senti 50 ni lile fungu la nane, ndilo fungu la mjane tuliyemtaja juu. Na basi la "daladala" limetokana na dala, ile sarafu ya shilingi tano iliyokuwa nauli. Kila siku unahesabu historia kwa ulimi wako bila kujua.

4. MIKONO YAKO ISIHARIBU

Sasa kazi ya vitendo. Shika haya:

Usisafishe. Usitumie ndimu, ukwaju, majivu, dawa ya meno wala dawa ya kung'arishia shaba. Ile rangi nyeusi au ya kahawia ni ngozi ya sarafu, imeota kwa miaka mingi na inailinda. Ukiing'oa sarafu itang'aa, na hapo hapo thamani yake kwa mjuzi imeshuka, na haitarudi. Nimeona sarafu nzuri zimeuawa kwa ndimu na mtu mwenye nia njema.

Ishike ukingoni kwa vidole viwili, juu ya kitambaa laini, kwa sababu jasho la mkono nalo linaacha alama.

Kila moja itie katika bahasha yake ndogo ya karatasi kavu. Epuka plastiki laini yenye harufu, inazitoa sarafu ute wa kijani. Na sisi watu wa pwani tuna adui wa ziada, unyevu wa chumvi. Weka mahali pakavu, mbali na dirisha.

Juu ya bahasha andika: maandishi yanasema nini, mwaka gani, rangi ya madini, kipenyo kwa milimita, uzito kwa gramu. Mizani ndogo ya sonara inatosha. Gusisha sumaku: dhahabu na fedha haziivutii sumaku, na zikishika, una la kujiuliza.

Kisha andika lile la Isenberg: ilikuwa wapi. Kopo lipi, mfuko upi, pamoja na nini. Na umfuate mzee aliyebaki, shangazi au mjomba, umuulize: baba alizipata wapi? Labda ni mshahara wa babu alipokuwa mpagazi. Labda ni mahari ya bibi, maana reale zilikuwa mahari. Andika leo. Mzee akiondoka anaondoka na nusu ya mkusanyo.

Zenye jina la Allah au maneno ya dini, ziweke mahali pa heshima.

Na ikiwa kuna za kale sana, kama za Kilwa, jua kwamba Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayolinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Usiuze wala usitoe nje ya nchi kabla ya kuuliza Idara ya Mambo ya Kale. Wataalamu wa Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, au wa Fort Jesus kwa ndugu zetu wa Mombasa, ni watu wa kuwauliza.

5. ZAKA ILIYOLALA KOPONI

Hapa wengi hughafilika. Sarafu ya dhahabu au ya fedha haitoki katika hukumu ya zaka kwa kuwa ni ya zamani na dukani haipokelewi. Wala si pambo la mwanamke ili useme kuna khitilafu ya pambo. Ni dhahabu na fedha iliyowekwa.

Nisabu ya fedha ni dirhamu 200, kwa gramu ni 595. Reale moja ya Maria Theresa ina gramu 23.39 za fedha safi. Reale 25 ni gramu 584.75, hazijafika. Reale 26 ni gramu 608.14, zimefika. Rupia ya India ya Victoria ina gramu 10.69 za fedha safi, basi rupia 56 zimefika. Na ukiwa na hiki na kile, fedha inajumlishwa na fedha. Ikifika nisabu na ukapita mwaka wa mwandamo, toa robo ya kumi, yaani asilimia 2.5.

Shaba na nikeli hazina zaka kwa dhati yake. Anayefanya biashara ya sarafu, huyo ana hukumu ya bidhaa za biashara, anathamini kwa bei ya soko.

Na ikiwa marehemu alikuwa na reale 100 koponi kwa miaka mingi bila kutoa zaka, mwulizeni sheikh wenu kabla ya kugawana, kwa sababu wanazuoni wengi wanaihesabu ile kuwa ni deni la Allah juu yake, na deni linatangulia mirathi. Msimwache baba yenu na deni huku nyinyi mnapigania kopo lake.

6. UKITAKA KUUZA

Kuuza ni halali. Lakini shika mambo matatu.

La kwanza, riba. Hadithi za Mtume (s.a.w) ziko wazi: dhahabu kwa dhahabu na fedha kwa fedha ni sawa kwa sawa, mkono kwa mkono. Usimpe sonara sarafu ya dhahabu ya gramu 7 akupe cheni ya gramu 10 kwa kuwa sarafu yako ni adimu. Iuze kwa shilingi, pokea shilingi zako, kisha nunua cheni. Na hata kwa shilingi, wanazuoni wa zama hizi wamezipa noti hukumu ya fedha, basi kupokea na kukabidhi kuwe hapo hapo. Habari ya "nitumie sarafu ya dhahabu kwa basi, nitakulipa mwisho wa mwezi" iache.

La pili, ukweli. Ukijua ni ya bandia, sema. Ukijua imesafishwa, sema. Na wewe mnunuzi, ukimkuta mjane hajui alichoshika, ogopa kununua mali ya watu kwa bei ya ujinga wao.

La tatu, uzushi. Mitaani kuna maneno kwamba rupia ya Mjerumani ina zebaki, ina nguvu, inavuta hiki na kile, na kuna tajiri anaitafuta kwa mamilioni. Kisha unaambiwa utoe kwanza pesa ya kipimo, au ya mganga wa kuitoa jini. Ndugu yangu, rupia ya Mjerumani ni fedha na shaba kidogo, gramu 11 na nukta. Haina zebaki wala jini. Anayeamini kipande cha madini kinaleta riziki ameharibu tauhidi yake, na kwa kawaida ameharibu na mfuko wake. Ajabu iliyoje: dinari ya mwaka 77 iliandikwa tauhidi, na sisi tunazitoa sarafu makabatini kutafutia ushirikina!

MWISHO

Ndugu yangu, mzazi wako hakuweka lile kopo kwa bahati mbaya. Hakujua gramu wala bei, lakini kuna kitu ndani yake kilimwambia: hiki kisitupwe. Sasa zamu imefika kwako. Hesabu mbele ya mashahidi. Mpe dada yako haki yake. Toa zaka ya Allah. Usisugue. Andika alichokuambia mzee. Ukifanya hivyo utakuwa umemfikishia marehemu amana yake, na watoto wako watakuwa na jibu siku watakapoulizwa babu zao walikuwa nani.

Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu waliotangulia, zipanue kaburi zao, walipie madeni yao, na utujaalie sisi warithi tuwe waadilifu katika kidogo na kikubwa. Aamin.

Mwenye swali la mirathi yake amwendee sheikh wa karibu naye na orodha mkononi. Ukiona kuna faida, mfikishie na ndugu yako.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.